Kijiti cha mita 1: namna ninavyompangia mwanangu saa za jua, Mikindani, Mtwara

Mwanangu aliungua mwezi wa Julai. Kusi ilikuwa inavuma, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejitanda kanga mbili kwa baridi. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, tukashuka pwani kuokota chaza. Nilimvika kofia ndogo ya kitambaa nikaona inatosha, maana jua halikuwa linachoma. Usiku shingo na masikio yake vilikuwa vyekundu, na kulipokucha malengelenge yalikuwa yametoka hadi chini ya kidevu. Ana ualbino. Wakati ule alikuwa na miaka minne.

Tangu siku hiyo sipimi jua kwa joto. Upepo unapoza ngozi, lakini miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza, haipozwi na upepo, na ngozi haiisikii inapoingia. Nguvu yake inafuata zaidi urefu wa jua angani. Jua likiwa chini, miale inakatiza hewa nyingi kabla ya kutufikia, na ozoni inapata nafasi ya kuichuja. Likiwa juu, inashuka moja kwa moja. Mzazi mwenzangu, urefu huo unaupima uani kwako bila kununua kitu.

Tafuta kijiti kilichonyooka, ukichomeke mahali tambarare ambapo hapana kivuli cha mti wala paa, kibaki mita 1 juu ya ardhi. Kisimame wima kabisa. Funga jiwe kwenye uzi ulinganishe nalo, kama waashi wanavyofanya na timazi. Kisha weka kokoto mbili kila upande wa magharibi na wa mashariki: moja mita 1 kutoka kwenye kijiti, nyingine mita 2. Asubuhi kivuli kinalala magharibi na kinafupika, mchana kinahamia mashariki na kuanza kurefuka. Kwa kuwa hakipiti mahali palepale mwaka mzima, mimi nina kamba yenye fundo kwenye mita 1 na mita 2, naizungusha kukifuata.

Kivuli kikiwa kifupi kuliko kijiti, jua limevuka nyuzi 45 na ni kali kwa mtu yeyote. Kwa mwanangu nasubiri kivuli kifike mara mbili ya kijiti, ndipo namruhusu kucheza nje, na hapo pia amevaa mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana.

Sasa saa zenyewe. Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni, jua la kwetu linapokuwa chini kuliko siku zote, kivuli ni kifupi kuliko kijiti kuanzia kama saa nne na dakika 20 asubuhi hadi saa nane na dakika 20 mchana. Muda wa saa nne nzima, katika mwezi ambao watu wanauona wa baridi! Na wakati wa bamvua maji yetu hukupwa kabisa karibu saa nne hiyo hiyo ya asubuhi. Hapo ndipo nilipomtoa mtoto, kwenye mchanga mweupe na maji yanayorudisha miale juu. Kofia haikuweza kuukinga uso dhidi ya jua lililotoka chini.

Oktoba 20 na Februari 21, au siku moja mbili karibu na hizo, jua linapita juu yetu wima. Sisi husema jua la utosini kila adhuhuri, lakini siku hizo mbili ndizo linapokuwa utosini kweli: kivuli cha kijiti kinapotea. Kipindi kikali kinachukua muda wa saa sita. Ila Oktoba linafika utosini saa sita na dakika 4, Februari saa sita na nusu na kidogo, kwa sababu dunia hailizunguki jua kwa mwendo ulio sawa na mhimili wake umeinama. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto anayesubiri mpira. Juni kivuli kinafika mara mbili saa kumi jioni. Oktoba ni saa kumi na dakika 20. Februari ni saa kumi na dakika 50. Ukifuata saa ya ukutani mwaka mzima, Februari utamtoa mapema mno.

Ukisahau kijiti, sikiliza msikiti. Adhana ya alasiri kwa hesabu yetu ya Kishafii huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha na kivuli chake cha adhuhuri. Kwa hiyo ikiadhiniwa alasiri, ule mpaka wa kokoto ya kwanza umeshapita, mwezi wowote ule. Kwa mwanangu bado, lakini nguo zinaweza kuanza kutafutwa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni upande. Kuanzia Februari 21 hadi Oktoba 20, jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Juni kijiti kinaangusha kivuli cha sentimita 67 kuelekea kusini. Miezi minne iliyobaki liko kusini, na Desemba kivuli kinaelekea kaskazini, sentimita 23 tu. Nilimwomba mwalimu amhamishe mtoto asikae dirisha la kaskazini Juni, wala la kusini Desemba. Mwanga mkali unamuumiza macho, na siku akiwa upande mbaya hasomi ubaoni.

Wifi yangu anaishi London, nyuzi 51 na nusu kaskazini. Juni alinipigia simu ya video, kwetu saa tano usiku, kwake saa tatu usiku, na watoto walikuwa nje kweupe. Alidhani jua lao ni la upole. Nilimwonyesha hesabu: Juni 21 jua la London linafika nyuzi 62, la Mtwara nyuzi 56. Siku hiyo la kwao liko juu kuliko letu, na mchana wao unazidi saa 16 na nusu. Lakini Desemba linafika nyuzi 15 tu, na kuanzia mapema Septemba hadi mapema Aprili kivuli chao hakiwi kifupi kuliko kijiti hata siku moja. Ngozi inapata likizo ya miezi saba. Sisi mchana wetu mrefu na mfupi hautofautiani hata kwa saa moja na robo, na hakuna siku isiyo na kipindi kikali.

Machweo nayo kwetu ni ya haraka, kwa kuwa jua linazama karibu wima: dakika 20 hivi baada ya kuzama unaona njia, kisha giza. Kwa hiyo dirisha la kucheza ni jembamba. Juni ni muda wa saa mbili na robo, kuanzia saa kumi mpaka giza linakaribia, ninamwachia yote.

Losheni tunapaka pia, ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, kila sehemu iliyo wazi, masikio kwanza. Lakini haichukui nafasi ya kivuli wala nguo.

Pwani bado tunakwenda. Tunangoja maji mafu, yanapokupwa kuelekea jioni. Hayatoki mbali na chaza ni wachache, kikapu kinarudi nusu.