Matone mawili ya karafuu, si kijiko

Niko kaunta ya baa ya hoteli hapa Nungwi, Zanzibar, mwaka wa nane sasa. Kijana akiletwa kwangu kujifunza, kabla hajagusa sheka, kile chombo cha kuchanganyia vinywaji, namkabidhi sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, ile ya duka la dawa. Mililita 30 za vodka kila mtu anaziweza kwa kipimo cha chuma. Vinavyoharibu kinywaji ni vile vidogo.

Mimi nilifunzwa na karafuu. Nilikuwa nimeloweka karafuu kavu za Pemba kwenye vodka siku tatu, nikatia kijiko kizima cha baa ndani ya kokteli iitwayo dawa, ile ya vodka, ndimu na asali. Mgeni akaonja, akaweka glasi chini, akawa anajigusa mdomo: ulimi umekufa ganzi. Nikamwaga, nikatengeneza nyingine kwa matone mawili tu. Hiyo akaimaliza, akaomba ya pili.

Basi anza na kijiko chako. Kuna vya mililita 5 na kuna vya nusu yake, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kijaze maji, yamimine kwenye kikombe kidogo, yavute kwa sirinji, usome.

Kisha bitazi, pombe chungu ya viungo inayotiwa kidogo kidogo. Chupa ya Angostura ina kizibo chenye tundu, na kokteli nyingi zinataka mitikiso miwili au mitatu. Lakini mtikiso ni kiasi gani? Geuza chupa kichwa chini, wima kabisa, tikisa mara kumi ndani ya glasi ndogo, vuta kwa sirinji, gawa kwa kumi. Yangu ikiwa imejaa ilitoa mililita 6 kwa mitikiso kumi. Ilipobaki robo, mkono ule ule ulitoa 8. Ndiyo maana ikishuka nusu huwa naijazia.

Vikali zaidi, kama karafuu, viweke kwenye chupa ya kahawia yenye kijibomba na mpira wa kubinya. Shika kijibomba wima, binya polepole, acha tone lianguke lenyewe. Na hapa wengi hukosea: matone hayalingani. Pombe hutoa matone madogo kuliko maji. Kwa chupa yangu, mililita 1 ya maji ni matone 20 hivi, ya karafuu ni karibu 40. Hesabu ya chupa moja usiihamishie nyingine.

Kwenye chupa kama hiyo naweka pia maji ya chumvi, gramu 20 za chumvi kwa gramu 80 za maji. Matone matatu kwenye dawa, na ndimu inachangamka bila chumvi kusikika.

Ukitaka harufu tu, tumia chupa ya kupulizia, puliza mara moja juu ya glasi. Nunua mpya, iliyowahi kuwa ya manukato haisafishiki.

Asali usiitie kwenye kijibomba, itaganda humo. Na kila chupa ibandike tepu, uandike: mitikiso 10, mililita ngapi, tarehe uliyopima.