Kanga ndogo ya kalamu: pindo, mji na jina kwenye karatasi ya sentimita 9

Kama umewahi kumsikiliza mtu kwenye simu robo saa nzima, kisha ukaitazama bahasha iliyokuwa mbele yako na kuikuta imejaa viduara na vimistari, kazi hii umeshaianza. Kilichobaki ni kuipa mpangilio. Mimi huchora nakshi za kalamu karibu kila usiku, watoto wakishalala na hesabu za duka zikishafungwa, na mpangilio nimeuchukua kwenye kanga: pindo pembeni, mji katikati, jina chini.

Kule Marekani, Rick Roberts na Maria Thomas waliupa uchoraji wa namna hii jina la Zentangle wakauwekea taratibu zake: kipande cha karatasi cha inchi tatu na nusu kila upande, kalamu nyeusi, hakuna kufuta. Ukubwa huo na sheria hiyo ya kutofuta nimevikubali. Nakshi zenyewe sikuona haja ya kuzifuata mbali wakati sanduku la mama limejaa doti za kanga.

Vifaa

Tumia manila nyeupe. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino, na mstari huota manyoya. Kata vipande vya sentimita 9 kwa 9. Manila ya ukubwa wa A4 inakupa sita. Kalamu nzuri ni zile za kuchorea zenye ncha nyembamba na wino usioyeyuka kwa maji, mfano Pigma Micron, ambayo namba 01 inatoa mstari wa milimita 0.25. Bei ikikushinda, bolpeni nyeusi inatosha, ila kaa na kipande cha tishu uifute ncha mara kwa mara, maana hukusanya donge la wino na kulibwaga pale pale usipopataka. Kalamu za jeli niliziacha. Hazikauki upesi, na mimi kiganja changu hakina subira.

Ongeza penseli. Raba iache kwenye droo.

Hatua ya 1: Gawa karatasi

Kwa penseli, tena kwa wepesi sana, chora mraba nusu sentimita kutoka ukingoni. Ndani yake chora mwingine, ukiacha sentimita moja katikati yao. Hapo kati ndipo pindo; ndani ndipo mji. Chini kabisa ya mji tenga ukanda mwembamba wa jina. Usitumie rula. Ukianza na rula, kila mstari wa mkono utakaofuata utauona umepinda, na utakaa pale unahukumu badala ya kuchora.

Hatua ya 2: Korosho

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ukiiweza korosho, ile nakshi ya kanga yenye umbo la korosho, mengine ni marudio.

Shika kalamu. Weka nukta ya ncha sehemu ya juu ya mji. Toka hapo, shuka na mgongo wa korosho ukiupinda polepole, zunguka chini kwenye tumbo, kisha panda kwa upande wa ndani mpaka ile nukta. Iwe na urefu wa kama sentimita 3. Macho yasigande kwenye ncha ya kalamu. Yatangulie kule unakoelekea, mkono utafuata. Anza mstari unapoanza kutoa pumzi. Sikuambii uhesabu wala ufumbe macho, ila utaona mstari uliovutwa huku pumzi imebanwa unavyotetemeka.

Ukifika kwenye kona inayoupa mkono tabu, geuza karatasi. Mkono una upande mmoja unaoupenda, basi uletee kazi upande huo. Mimi kwa korosho moja huizungusha karatasi hata mara tano.

Sasa chora korosho ya pili ndani ya ile ya kwanza, milimita 2 hivi kutoka ukingo wake. Ile njia iliyobaki kati yao ijaze nukta, moja moja, kama unatunga shanga. Nje, zungusha vijitao vidogo vinavyogusana. Tayari, una korosho ya mbele.

Kisha zije za nyuma. Kwa penseli mtu angechora zote na kufuta zilizofichwa. Sisi hatufuti, kwa hiyo kilicho mbele huchorwa kwanza. Anza korosho ya pili pembeni, mstari ukikaribia kugusa ile ya mbele nyanyua kalamu, iruke, endelea upande wa pili kana kwamba umepita chini yake. Mara ya kwanza utakosea mahali pa kutokea. Si neno, jicho la mtazamaji litaziba pengo.

Hatua ya 3: Pindo la ukili

Gawa pindo viboksi vya sentimita moja. Boksi la kwanza weka mistari mitatu iliyosimama, la pili mitatu iliyolala, la tatu iliyosimama, na kuendelea hivyo kuzunguka, mpaka ionekane kama kipande cha mkeka. Kwa vipimo vyetu viboksi ni 28, na kwa kuwa 28 inagawanyika kwa mbili, ukirudi ulipoanzia zamu hazigongani. Lakini mkono bila rula huwa na hesabu zake. Ukiishia na idadi witiri, boksi la mwisho lijaze weusi wote.

Donge la wino likianguka katikati ya mji, usilipanguse, litasambaa. Liache likauke, kisha uweke mengine matano au sita yanayofanana nalo kulizunguka. Wengi husimulia kwamba jina la kanga lilitokana na madoadoa ya ndege kanga, kwa hiyo doa hapa halina ugeni.

Hatua ya 4: Weusi na kivuli

Jaza weusi kwenye vipengo kati ya korosho, si vyote. Mkono ukishaonja weusi hauachi, na mimi nimezika kanga kadhaa nzuri hivyo. Kisha kwa penseli pitisha kivuli chembamba pale korosho inapoingia chini ya nyingine, ukisambaze kwa pamba ya masikio. Wino uwe umekauka kabisa. Wa bolpeni mimi huuacha hadi kesho yake.

Hatua ya 5: Jina

Andika kwa herufi kubwa kwenye ule ukanda. Si lazima iwe methali. Andika lolote lililokuwa la siku hiyo, kisha geuza karatasi uweke tarehe nyuma. Yangu ya jana imeandikwa MAJI YAMEKATIKA TENA, na pindo lake lina viboksi 27.