Kukadiria Uzi wa Kudarizi kwa Mishono ya Msalaba

Hesabu ya kuaminika hutokana na mkono wako mwenyewe, kwa kuwa wako wanaokaza uzi na wako wanaouacha ulegee. Kata uzi wa sentimita 45 wenye nyuzi 2, udarizi kwenye kitambaa cha Aida chenye matundu 14 kwa inchi hadi zibaki sentimita chache za kufungia, kisha uhesabu misalaba. Kila msalaba hula takribani milimita 9, mbele na nyuma, kwa hiyo, ukiondoa mikia ya mwanzo na mwisho, utapata kama 40.

Fungu moja la uzi wa chapa ya DMC lina mita 8 za nyuzi 6, ambazo ukizigawa mbilimbili hutoa mita 24, yaani vipande 53 na misalaba ipatayo 2,100. Mimi hukadiria 1,800 tu, maana kufumua hakukosekani. Ua jekundu lenye misalaba 2,500, basi, litahitaji mafungu 2.

Rangi iliyotawanyika hula zaidi, kwani uzi mwingi huishia kwenye mafundo na mikia. Uzi wa usuli ununue wote kwa mkupuo, kwa sababu rangi ya toleo jingine huweza kutofautiana kidogo.