Usimjibu Daktari "Nzuri": Fidia ya Ajali ya Gari Uingereza

Januari 2022 nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, natoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, gari likanigonga kwa nyuma. Dereva alikiri kosa palepale. Shingo iliniuma miezi kumi na moja. Nililipwa paundi 240.

Kila niliyemsimulia alisema nimedhulumiwa kwa sababu ni mgeni. Hapana. Nilijidhulumu kwa mdomo wangu, kwa neno tulilofundishwa tangu utotoni.

Huku England na Wales (Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao) maumivu ya shingo, mgongo na bega yanayotokana na mtikiso wa gari yamepangiwa bei na serikali tangu 31 Mei 2021. Hakuna wa kukuonea huruma. Kinachohesabiwa ni miezi. Yasiyozidi miezi 3 yalikuwa paundi 240. Ukivuka 3 hadi 6, paundi 495. Hadi 9, 840. Hadi 12, 1,320. Yalipanda hivyo mpaka miaka 2, paundi 4,215. Kwa ajali za kuanzia 31 Mei 2025 viwango vimeongezwa kwa karibu asilimia 15. Ajali ikikuachia na woga au usingizi wa mang'amung'amu, utaongezewa kidogo. Katika daraja langu nyongeza ilikuwa paundi 20. Ndiyo, ishirini.

Na anayesema ni miezi mingapi si wewe, ni ripoti ya daktari. Bila ripoti hiyo kampuni ya bima hairuhusiwi hata kukutajia ofa. Mimi nilimwona daktari wiki ya nane. Akaniuliza hali. Nikamjibu kama mtu aliyelelewa vizuri: "Nzuri, namshukuru Mungu." Kwetu hata aliye taabani huanza na "sijambo", ndipo afuatishe "ila". Mimi nilisema sijambo, kwenye "ila" sikufika. Akauliza kama bado inauma. "Kidogo tu." Sikumwambia kwamba silali ubavu wa kushoto, kwamba nikirudisha gari nyuma nageuka mwili mzima, kwamba kazini wenzangu ndio wanaoninyanyulia wazee. Akaandika alichosikia: atapona ndani ya miezi 3 tangu siku ya ajali.

Usimjibu daktari huyo "nzuri". Si mgeni aliyekuja kukujulia hali. Mweleze usichoweza kufanya, tangu asubuhi mpaka kulala, bila kuongeza na bila kupunguza.

Kosa la pili ni langu vilevile. Ripoti huja kwako kwanza uikague kabla ya kwenda bima. Iliponifikia nilikuwa na usingizi, nikabonyeza kukubali kwenye simu. Soma ripoti. Narudia, isome, na kosa lolote la ukweli liombee marekebisho kabla hujaiachia. Muda uliotajwa ukipita na bado unaumwa, usipokee pesa. Omba kupimwa tena. Ukishakubali malipo ya mwisho, hata shingo ikikakamaa kesho yake hakuna wa kukufungulia faili. Sheria inakupa miaka 3 tangu ajali kwenda mahakamani, kwa hiyo mwenye haraka ni bima. Na ndugu, kwa upande wangu: "Dada, zile hela zimetoka?"

Mengine ni ya kawaida. Piga picha, chukua namba ya gari, bima na shahidi. Hapa hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya nyumbani, na mkishapeana taarifa mara nyingi polisi hawaji kabisa. Nenda kliniki mapema. Dai dogo unalifungua mwenyewe bure kwenye tovuti ya Official Injury Claim. Wakili wa "usiposhinda hulipi" anaweza kumega hadi robo ya fidia. Mshahara uliokosa, dawa na nauli hulipwa kando, kwa karatasi. Mimi nilimpa mwenzangu hela mkononi anishikie zamu mbili, hiyo sikurudishiwa.

Mfupa uliovunjika haumo kwenye jedwali hilo la bei za serikali: huangaliwa mwongozo wa majaji na kesi zilizopita. Ukiumia shingo na mfupa pamoja, Mahakama ya Juu ilielekeza Machi 2024 kwamba fidia zote mbili zijumlishwe, kisha ipunguzwe sehemu ambayo maumivu yanaingiliana. Waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki hawabanwi na jedwali hilo. Na mkanda ufunge: tangu kesi moja ya 1975, usipofunga hukatwa asilimia 25 ya fidia kama mkanda ungezuia jeraha lote, 15 kama ungelipunguza.

Shangazi yangu alinishauri nimwandike na binamu kwamba alikuwemo garini. Shangazi, nakupenda, ila kwa sheria ya 2015 jaji akikuta uongo wa namna hiyo hufuta dai zima, pamoja na maumivu yako ya kweli.

Waingereza nao husema "nzuri" njiani. Mkanyage mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Lakini wape karatasi uone. Mwenzangu mmoja kazini, mkimya kupita kiasi, alipogongwa alianza daftari: Jumatatu, nimeshindwa kufunga kamba za viatu. Nilimcheka. Hakuna aliyekwenda kwake kumpa pole, wala hakutarajia. Kwangu sebule ilijaa wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyeniambia niandike tarehe. Sitabadilishana naye sebule, lakini daftari lake nalitamani.

Wifi yangu amegongwa mwezi uliopita, ana miadi ya daktari Alhamisi. Daftari nimemnunulia. Jana nimempigia kumuuliza shingo inaendeleaje. "Nzuri tu, wifi." Nikamwambia ampe simu kaka.