Kufikisha azimio la kijiji halmashauri: kwa wenyeviti na watendaji wapya

Nimekuwa mtendaji wa kijiji huku Tandahimba, mkoani Mtwara, mpaka nikastaafu, na wenyeviti walioingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 bado wananijia na swali lile lile: "Mzee, tumeomba halmashauri mwaka mzima, mbona kimya?" Nami nauliza: mmeomba kwa karatasi gani? Mara nyingi naambiwa kuna mkubwa alipita na gari, wakamweleza. Hilo si ombi. Kinachofanyiwa kazi ni azimio la mkutano mkuu wa kijiji, limeandikwa na kusainiwa. Bila hilo, hata diwani anayewapenda hana cha kushika kwenye baraza la madiwani.

Anzeni na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji vinakusanywa miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda uliotangulia, na baraza la madiwani linapitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, kabla ya Julai hiyo. Kwetu miezi hiyo ndiyo ya korosho. Watu wako mashambani wanaokota, wengine wako AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanapima na kusubiri mnada. Ukiitisha mkutano Novemba, akidi huipati. Sheria inataka mkutano mkuu kila baada ya miezi 3, basi ule wa Agosti ufanyeni wa vipaumbele. Uitishwe alasiri, maana asubuhi wapo wanaopulizia dawa mikorosho.

Kabla ya hapo serikali ya kijiji ikae, wajumbe wote na wenyeviti wa vitongoji, ipunguze orodha. Kijiji kinachopeleka mahitaji 12 kinamwachia mtu wa wilayani achague atakalo. Pelekeni mawili au matatu, kwa mpangilio, la kwanza likiwa la kwanza kweli.

Muhtasari ndio roho ya kazi yote. Uwe na tarehe, mahali, ajenda, idadi ya waliohudhuria, na karatasi ya mahudhurio yenye majina na saini. Azimio liandikwe likiwa na kitu cha kupimika. Usiandike "mkutano umeomba zahanati isaidiwe". Andika: "Mkutano umeazimia kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati ya kijiji, wananchi watatoa mchanga, tofali na maji, halmashauri inaombwa kupaua na kumalizia." Mwenyekiti asaini, mtendaji asaini, muhuri ugongwe. Toeni nakala mbili, na ile inayobaki kijijini igongwe muhuri wa kupokelewa huko ilikopelekwa. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba barua ilifika.

Halafu jueni mlango. Barabara za vijijini ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyotokana na sheria ya maji ya 2019. Mambo hayo pia yapite kwenye kata na barazani, ila nakala iende moja kwa moja kwa meneja wa wilaya wa taasisi husika. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji inanunuliwa, kupoteza mwaka kwa kugonga mlango usio wenyewe ni kuwaumiza akina mama.

Kutoka kijijini azimio linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC. Diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe. Hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu kila mwenyekiti anavutia kwake. Mwenyekiti mwenye busara anawatembelea wenzake kabla ya kikao. Chumba cha kujifungulia kikihudumia vijiji vitatu, wenyeviti watatu watakisemea, na diwani atakwenda barazani akiwa na neno la kata nzima.

Kuhusu nguvu za wananchi, nawasihi sana: msichimbe msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajawapa ramani na kuwaonesha eneo. Nimeona boma limefika lenta, watu wamebeba mchanga kwa vichwa vyao, kisha wakaambiwa vipimo havikubaliki. Wananchi waliofanyiwa hivyo hawachangi tena kwa miaka, na wana haki. Kumbukeni pia kwamba mapato ya ndani ya halmashauri zetu yanaegemea ushuru wa korosho. Msimu ukiwa mbaya, hata kilichopitishwa kinaweza kungoja, na wananchi waambiwe hivyo mapema.

Sheria ndogo za kijiji, kama za moto mashambani au mifugo, zinajadiliwa na mkutano mkuu, kisha baraza la wilaya linaziidhinisha. Kabla ya idhini hiyo msimtoze mtu faini.

Baada ya bajeti kupita, mtendaji aende wilayani akaulize kipi kimeingia na kipi kimeachwa, na sababu yake. Yeye ni mwajiriwa wa halmashauri, hilo ni jukumu lake na asione aibu. Majibu yasomwe kwenye mkutano unaofuata, mabaya na mazuri, na yabandikwe ubao wa matangazo. Kilichoachwa kama bado kinatakiwa, mkutano ukiazimie upya kwa tarehe mpya, na barua ya safari hii itaje kumbukumbu namba ya ile ya kwanza.