Umekwama pale pale ku bastola ya mashindano? Angalia haya kabla ya kununua kartushi zingine

Wadogo zangu wa Lubumbashi munaopenda bastola ya mashindano, ile ya IPSC (shirikisho la kimataifa la huu mchezo) ya kukimbia na kupiga, hii shida naisikia kila mara: mwanzoni mtu anapanda haraka, kila konkuru anajipita mwenyewe, kisha anafika fasi moja na anakwama, asilimia zake kulinganisha na mshindi hazisogei tena, na dawa ya kwanza anayoiwaza ni kununua kartushi mingi ao kubadilisha bastola. Ngoja kwanza. Kuna mambo ya kutazama kabla hujatoa hizo dola, na mingi kati yake haiombi hata risasi moja.

La kwanza ni hesabu, juu watu wengi wanapiga miaka bila kuielewa vizuri. Mu huu mchezo hatuhesabu pointi peke yake wala sekunde peke yake, tunachukua pointi tunagawanya kwa sekunde, njo inaitwa hiti fakta. Tuseme stage, yaani sehemu moja ya konkuru yenye shabaha zake, ina risasi 24, kwa hiyo pointi 120 ukizipiga zote ku A, ile fasi ya katikati ya shabaha. Wewe unatumia kartushi za nguvu ndogo, za minor, ambapo A ni 5, na fasi za pembeni, C ni 3, D ni 1. Ukipiga A 22 na C 2 kwa sekunde 24, una pointi 116, ukigawanya inatoka 4.83. Mwenzako amepiga A 18 na C 6, pointi 108, lakini kwa sekunde 20, yeye ana 5.4, amekuacha mbali wakati shabaha zako njo zilikuwa nzuri kuliko zake. Basi unakasirika, konkuru inayofuata unakimbia sawa mwizi, unamaliza kwa sekunde 18 lakini risasi mbili zimekosa shabaha kabisa, na kila iliyokosa inakupotezea zile pointi 5 na bado wanakukata 10 juu yake. Hata kama zile 22 zingine zimekupa pointi 100, unabaki na 80, fakta 4.44. Uko chini ya pale ulianzia! Kwa hiyo kabla ya yote chukua matokeo ya konkuru zako zilizopita, kaa chini na kalamu, uone unapoteza kwa pointi ao kwa muda, juu dawa zake si moja.

Wengi watakuta ni muda, na hapa njo watu wanajidanganya. Wanafikiri ni kidole kiko polepole. Omba mwenzako akufilme na telefoni kwa ubavu, stage nzima, kisha urudishe video polepole na uhesabu paka wakati ambao bastola haipigi. Utaona risasi ya mwisho ya pozisyo moja imetoka, na wewe bado umesimama unaangalia ile tundu kama inakupendeza. Utaona unakimbia vizuri sana lakini unafika na bastola iko chini ku tumbo, miguu imeshasimama kabisa, njo unaanza kuinua mikono, njo unatafuta gido (kile kitu cha kulengea mbele ku mtutu), njo unapiga. Mwenye kufika mbele yako anafanya tofauti kabisa: hatua mbili za mwisho bastola imeshapanda karibu na macho, shabaha ikitokea tu pembeni ya ukuta anapiga wakati mguu wa pili unashuka. Hiyo nusu sekunde ukiizidisha kwa pozisyo tano ao sita, ni kubwa kuliko yote utakayopata kwa kubonyeza haraka.

Na hayo yote unaweza kujifunza mu nyumba bila kufyatua kitu. Lakini usalama mbele: kartushi zote zitoke mu chumba hicho, si ku meza, si mu mfuko, zitoke, na ukague shargeri (kile kinabeba risasi) na chemba (fasi risasi inakaa mu mtutu) mara mbili, upande unaolenga uwe ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake. Kama hauna bastola yako na unatumia ya plastiki, usiitoe nje ya nyumba hata siku moja. Hapa kwetu jirani akiona mtu na kitu sawa bunduki mu parsele hataanza kuuliza ni mchezo gani, na askari vilevile.

Dakika kumi na tano kila siku ni bora kuliko saa tatu siku ya posho. Weka programu ya kronometri ku telefoni inayolia mara mbili, mlio wa kuanza na wa kumaliza, na upunguze muda kati yake kidogo kidogo. Mlio wa kwanza usiuzoee, ku mashindano baada ya msimamizi kusema Stand by unatoka kati ya sekunde 1 na 4 na hauwezi kujua lini, kwa hiyo tega programu ichelewe ovyo.

Kitu kingine ambacho naona kinakwamisha watu kuliko vyote: wanafanya antrenema kila siku kwa mwendo ule ule wa starehe, unaowapa A zote, wanarudi nyumbani na roho nzuri. Mwili unajifunza paka huo mwendo. Tenga siku ya kwenda haraka kuliko uwezo wako, shabaha zichafuke, C na D zijae, usijali pointi, uangalie tu macho yako yanaona nini mu ile kasi, gido ikipanda na kushuka unaiona ao unaikisia? Siku nyingine rudi ku usahihi mtupu, mita 25, kimoja kimoja. IPSC ilipozaliwa mu 1976 ilijipa maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu, kasi. Yanapimwa pamoja, lakini ku antrenema unaweza kuyatenga.

Mikono pia usisahau. Joto la mwezi wa kumi mbele ya mvua kuja, viganja vinatoka jasho na bastola inageuka mkononi, mkono wa kushoto unaachia baada ya risasi ya tatu bila wewe kujua. Chaki ya maji inasaidia, na mazoezi ya kukamata pia.

Kuhusu safari, wale wanaovuka Kasumbalesa kwenda kupiga ngambo, karatasi za silaha muanze kuzitafuta mapema sana, za hapa na za kule, mtu asitegemee kuongea vizuri ku mpaka. Wiki ya mwisho usibadilishe kitu, si gido, si holster (mfuko wa bastola wa kiunoni), si kartushi. Na ukifika, tembea stage macho wazi, kisha ufunge macho na uipige yote kichwani, uhesabu risasi za kila pozisyo na fasi ya kubadilisha shargeri. Kama kichwani inakatika fasi moja, rudi utembee hapo tena mbele hawajaita jina lako.