SOMO: Kusafisha Ruger 10/22 iliyotumika, na kujua inakwama kwa nini

Wiki hii tu nimepigiwa simu na watu wanne, wote kwa jambo moja: "Kaka, nimenunua ile ishirini na mbili, inakwama kila baada ya risasi mbili tatu, nifanyeje?" Tuko wengi sasa huku Minnesota, Marekani, tunaotoka msituni na kindi au sungura, na wengi wetu tumeanza na bunduki hii ndogo, Ruger 10/22, tunayoiita "ishirini na mbili" kwa sababu ya risasi zake ndogo za .22. Imetengenezwa tangu 1964, kwa hiyo zilizotumika hazikosekani madukani. Nimeona niandike mara moja, niwasomee kwenye simu wale watakaopiga tena.

Mlioko nyumbani Afrika Mashariki mnajua bunduki ni kibali. Mwenye kibali apeleke yake kwa fundi mwenye leseni. Somo hili ni la waliomo huku, wenye bunduki yao kihalali.

1. Hakikisha haina risasi. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndipo uvute boliti, yaani kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma. Ukivuta boliti magazini ikiwa bado ndani, ukiiachia tu umeingiza risasi nyingine kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Tazama kwa macho, kisha gusa mdomo wa chemba kwa kidole kidogo. Aliyeniuzia yangu aliapa haina kitu; nilipovuta boliti mbele yake, risasi iliruka ikaanguka mezani. Risasi zote ziwe chumba kingine wakati unafanya kazi.

2. Koki, yaani vuta boliti nyuma uiachie, halafu sukuma kitufe cha usalama kisimame katikati, si kulia wala kushoto. Legeza bangili inayoshika mtutu kwenye kitako (mbao inayobeba bunduki), fungua skrubu iliyo mbele ya tundu la magazini, inua kuanzia upande wa mtutu. Ikigoma, usilazimishe, kitufe hakiko katikati.

3. Sukuma nje pini mbili zinazoshika sehemu ya triga. Zinateleza zenyewe, kwa hiyo fanyia juu ya taulo.

4. Sehemu ya triga usiifungue. Ipulizie dawa ya kusafishia, isugue kwa mswaki wa zamani, iache ikauke. Usivute triga ikiwa nje, kwa sababu nyundo itagonga pasipo pa kugonga na kuharibu kilicho mbele yake.

5. Toa ile pini nene ya nyuma inayozuia boliti. Geuza bunduki juu chini, vuta mkono wa kukokea nyuma, nyanyua boliti itoke.

6. Boliti. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Msimu wangu wa kwanza niliisafisha vizuri, nikaona niitendee hisani: nikaijaza grisi. Nilijaza hasa ule mfereji wa juu ambamo pini ya kugongea inateleza. Oktoba ilifanya kazi. Desemba tulitoka asubuhi, baridi ile ya kukaukisha kope, na kati ya risasi kumi zililipuka nne. Nikalaumu risasi. Nikanunua aina nyingine, kisha nyingine tena, pesa ikaenda, mambo yakawa yale yale. Mzee mmoja wa uwanja wa shabaha ndiye aliyeniomba nimwonyeshe zile zilizokataa. Akageuza kitako cha ganda, kile kikopo cha chuma cha risasi, kwenye mwanga: alama ya pini ilikuwa kama mkwaruzo wa ukucha. Grisi ilikuwa imeganda, pini inatembea kama mtu anayepita kwenye matope. Nyundo inapiga, nguvu inaishia njiani.

Kwa hiyo: pulizia mfereji huo dawa mpaka kinachotoka kiwe maji safi. Sukuma pini kwa kidole. Lazima ikimbie bila kusita. Kisha uache MKAVU. Mafuta ni tone moja tu, ulipake kwa kidole pale boliti inaposuguana na chuma cha juu. Ukiona mafuta yanang'aa kwa mbali, futa.

Ukiwa hapo hapo, chukua kijiti cha meno ukwangue chini ya ile kulabu ndogo inayovuta ganda. Masizi hujibana hapo yakawa magumu kama kokoto, na kulabu haishiki tena.

7. Mtutu. Bunduki hii imezibwa nyuma, kwa hiyo fimbo ya kusafishia inaingilia mdomoni, na fimbo ya chuma ikikwaruza ukingo wa mdomo shabaha imekwenda. Tumia kamba ya kusafishia: iingize kwenye chemba, ivute itokee mbele. Mara mbili tatu zatosha. Chemba yenyewe isugue kwa burashi ya shaba.

8. Magazini: futa nje, pulizia ndani, kausha. Usifungue skrubu yake. Ndani kuna springi iliyosokotwa, ukilegeza tu msokoto wote unapotea.

9. Rudisha kinyume cha ulivyotoa. Kumbuka kukoki na kuweka kitufe katikati kabla ya kurudisha kwenye kitako.

Sasa kukwama.

Ganda likisimama wima mlangoni, pale maganda yanaporukia nje, kama bomba la jiko, chemba ni chafu, au kulabu haishiki, au risasi ni dhaifu. Jaribu kwanza risasi za kasi, zile za futi 1,200 hivi kwa sekunde. Risasi mpya ikigonga ukuta badala ya kuingia, azima magazini ya mwenzako kabla hujagusa kitu kingine. Tatizo likihama na magazini, umeshapata jibu. Nyundo ikipiga bila mlipuko, elekeza mtutu mahali salama, hesabu hadi 30, ndipo utoe; nyingine hulipuka kwa kuchelewa. Kisha tazama alama kama nilivyoonyeshwa mimi. Alama ya kina kirefu, lawama ni ya risasi. Alama hafifu, rudi hatua ya 6.

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Kiswahili chetu kimetuonya mapema: madini ya risasi na risasi ya bunduki ni neno moja, na ni sumu. Usiende moja kwa moja kwenye ugali.

MASWALI

Kevo: Mkuu mimi yangu inakwama sana, shida ni nini?

Jibu: Inakwama vipi, Kevo? Ganda halitoki, risasi haiingii, au hailipuki? Nimeandika yote matatu hapo juu.

Kevo: Sijasoma yote, ni ndefu. Nipe tu jibu.

Jibu: Bunduki si kitu cha kupewa "tu jibu". Soma, kisha urudi.

Mama Zawadi: Shikamoo kaka. Mume wangu ana bunduki kubwa ya paa, huisafisha mara moja kwa mwaka. Hii ndogo mbona inachafuka upesi hivyo?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Ile ya paa hufunga boliti kwa nguvu wakati wa mlipuko. Hii haifungi, boliti inazuiwa na uzito wake na springi tu, mlipuko wenyewe unaisukuma nyuma, na moshi unarudi nayo. Ongeza kwamba risasi hizi hupakwa nta kwa nje. Nta, masizi na mafuta vikichanganyika vinakuwa lami. Mimi nafungua boliti kila risasi 400 hivi, mtutu nagusa mara chache zaidi.

Fundi Dakota: Mimi namwaga mafuta mengi miaka sita, haijakwama hata siku moja. Unatisha watu.

Jibu: Sijamtisha mtu. Nimeeleza lililonipata Desemba, na zile risasi zenye alama hafifu ninazo picha zake. Kama yako inakubali, heri. Anayeanza leo namwambia tone moja.

Brayo: Juzi ilitoa sauti ndogo, pufu, nikakoki nikaendelea. Iko sawa?

Jibu: HAPANA. Sauti ndogo ni dalili risasi imebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Simama, toa magazini, ondoa boliti, tazama mtutu kwenye mwanga. Usipoona upande wa pili, peleka kwa fundi. Na kama uliendelea kupiga baada ya ile sauti, ipeleke leo hata ukiona mwanga, akague kama mtutu umevimba. Usiitumie kabla hajaiona.

Mama Zawadi: Na kufyatua ikiwa tupu, kwa mazoezi, si inaharibu?

Jibu: Kwa 10/22 mtengenezaji ameruhusu. Ishirini na mbili nyingine, hasa za zamani, usifanye: pini inagonga ukingo wa chemba na kuutia kovu, kisha maganda yanaanza kung'ang'ania. Umeinunua yako?

Mama Zawadi: Bado. Nimeona moja, kitako cha mbao kimekauka na kupauka.

Jibu: Mbao isikuzuie. Mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kitambaa, usugue kwa kiganja mpaka kipate joto, uache siku nzima, urudie mara tatu. Kitambaa hicho usikikunje ukakitupa, huweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke. Ukienda kuiangalia, beba tochi ndogo uone mdomo wa mtutu. Ukiona ukingo una mikwaruzo ya fimbo, omba wapunguze bei au uiache.

Kevo: Nimesoma. Ni ganda halitoki. Nimekwangua chini ya kulabu, kimetoka kipande cheusi kama punje ya mchele.

Jibu: Hicho hicho, mdogo wangu. Sasa sugua na chemba, kisha piga magazini mbili uwanjani, uniambie. Na magazini zako ziandike namba kwa rangi, 1, 2, 3, ili moja ikianza kusumbua uijue.